Je, Wajua? Namba Sita Zinazoishika Tudor Isitoroke

Sogea hapa kwenye benchi nikupe la kwanza. Je, wajua kwamba Tudor yetu ya Mombasa inaweza kuhamia Uhispania kwa kubadilishana nafasi namba mbili tu? Tudor iko latitudo -4.04 na longitudo 39.67. Ziandike kinyume kwenye programu, ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, na picha yako ya setilaiti itatua kilomita kama 20 kusini mwa mji wa Toledo, bara kabisa, hakuna bahari wala mkoko.

Na ukisahau ile alama ya kutoa? Unaruka ikweta na kutua kusini mwa Ethiopia, kilomita kama 90 kutoka Moyale. Kistari kimoja, chembamba kama unyasi, kimekusafirisha karibu kilomita 900!

Ukiziacha namba zote mbili sifuri, unatupwa kilomita 4,400 magharibi, katikati ya Ghuba ya Guinea. Pale hakuna kitu ila boya la kupima hali ya hewa. Wachora ramani wa dunia nzima wanapajua, na kwa mapenzi wamepapa jina: Kisiwa cha Sifuri. Kila siku data zilizopotea njia huenda kulala huko.

Sasa umeshaelewa tunazungumza habari gani. Picha ya setilaiti ikishuka kutoka juu ni picha tu, haijui Tudor wala Changamwe. Lazima ishikizwe kwenye ardhi, kama fundi wa kanzu anavyopiga bandi kabla ya kushona. Unachagua kona ya barabara kwenye picha, unaitafuta kona hiyo hiyo ardhini au kwenye ramani unayoiamini, na unaiambia kompyuta: hapa ni hapa. Hiyo ndiyo nukta ya kufungia.

Je, wajua kwamba picha nzima inaweza kushikwa na namba sita? Ndani ya faili ya GeoTIFF, yaani picha iliyobeba mahali pake, mna kijisanduku kilichopewa nambari 33922. Kifungue utakuta kitu kama hiki: 0, 0, 0, 573000, 9554000, 0. Tatu za kwanza zinataja mahali kwenye picha, yaani kona ya juu kushoto. Tatu za mwisho zinataja mahali duniani, na hizo nilizokuandikia ziko papa hapa, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa.

Jaribu hili kwa mkono wako. Badilisha 573000 iwe 573030, hifadhi, fungua tena. Picha yote imesogea mita 30 kuelekea mashariki! Hakuna rangi iliyobadilika, hakuna kipande kilichoguswa. Picha moja kamili ya setilaiti ya Landsat ina pikseli za nchi kama milioni 37, na zote zimetii tarakimu moja.

Nisikilize vizuri hapa, maana wengi wanateleza. Pikseli moja ya Landsat ni mraba wa mita 30 kwa 30. Je, namba ya mahali inataja kona ya mraba huo au kitovu chake? Programu moja inasema kona, nyingine inasema kitovu, na tofauti yao ni nusu pikseli: mita 15 upande, mita 15 chini. Ukipima kimshazari ni mita 21, na hukukosea hesabu yoyote.

Jingine la kukushangaza: picha huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, lakini ramani huhesabiwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa kwanza wa picha ndio wa kaskazini zaidi. Ndiyo maana programu ya kulaza picha juu ya ramani lazima iwe na alama ya kutoa mahali fulani. Ukiiondoa, Likoni inakuwa kaskazini na Nyali inakuwa kusini.

Kwani kuna ajabu gani kusini kuwa juu? Ramani ya al-Idrisi, iliyomalizika 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger II wa Sisilia, iliweka kusini juu, na Mombasa imo katika kitabu chake. Yeye hakukosea. Alichagua upande wake na akaushikilia kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo ndilo kompyuta inalotaka kwako.

Sasa shika kiti. Wajua kwamba Tudor inaweza kuwekwa kwenye barafu ya Ncha ya Kaskazini? Wapimaji wameikata dunia vipande 60 kama chungwa, na sisi tuko kipande cha 37. Ili wa kusini mwa ikweta wasihangaike na namba hasi, wanaongezewa mita 10,000,000. Kwa hiyo Tudor inasomeka takriban 9,553,400. Sasa iambie kompyuta kwamba hiyo ni 37 ya kaskazini badala ya 37 ya kusini. Herufi moja tu! Utajikuta kwenye bahari ya barafu, chini ya kilomita 500 kutoka ncha yenyewe.

Na hii je? Picha za Landsat za Mombasa hazitumii nyongeza hiyo. Wamarekani wanaotunza picha hizo huzitoa zote kwa hesabu ya kaskazini, hata za kusini, kwa hiyo Tudor yao ni kama -446,600. Ramani yako inasema 9,553,400, picha yao inasema -446,600, na zote mbili ni kweli. Jumlisha milioni 10, mambo yanakaa sawa.

Pale Nanyuki, ikweta inapopita, ukiinua mguu kutoka kusini kwenda kaskazini namba yako inashuka kutoka 9,999,999 hadi 0. Hatua moja, mita milioni 10 zimeyeyuka. Waganda nao wanaijua raha hiyo, kwa sababu ikweta imeikata nchi yao pia.

Kuna hili ambalo mimi nalipenda kuliko mengi. Kompyuta ikihifadhi namba kwa biti 32, haiwezi kuandika sentimita za Tudor! Namba ikishavuka 8,388,608, ngazi zake zinakuwa za mita moja moja. Andika 9,553,400.37, kompyuta inakurudishia 9,553,400 kavu, na zile sentimita 37 zimepotea bila onyo lolote. Ndugu zetu wa Muscat, walioko kaskazini mwa ikweta, namba yao ni kama 2,610,000, na kompyuta hiyo hiyo inawapa ngazi za sentimita 25. Namba za biti 64 zinaondoa tatizo lote, kwao na kwetu.

Unadhani umetulia hapo ulipokaa? Wewe na benchi lako mnakimbia! Dunia inavyozunguka, Tudor inakwenda mita 464 kila sekunde, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Setilaiti ya Landsat inachukua kama sekunde 27 kupita juu ya picha moja, na katika muda huo ardhi imeshateleza kilomita 12 kuelekea mashariki. Picha mbichi kwa hiyo imelala upande kama jani la mnazi kwenye kaskazi, na lazima inyooshwe kabla hujaifunga popote.

Wajua kipi ni kibaya kuliko vyote kufungia picha? Ufuo wa bahari! Mgeni akiangalia picha ya Mombasa, macho yake yanakwenda kwenye ukingo wa maji, kwa sababu ndio mstari mkali kuliko yote. Mvuvi wa Tudor angemshika mkono. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ufuo ukiwa umelala, mathalani unashuka mita moja kwa kila mita 20, basi ukingo wa maji unatembea mita 60 kati ya kujaa na kupwa. Hizo ni pikseli mbili za Landsat, na nukta yako umeifunga kwenye kitu kinachotembea.

Halafu tazama uzuri wa saa zenyewe. Landsat hupita juu yetu asubuhi, saa nne na nusu hivi. Siku za bamvua, huo ndio wakati maji yamekupwa, akina mama wako nje kwenye miamba wanaokota kombe. Juma moja baadaye, maji mafu, saa ile ile bahari iko karibu na kujaa. Setilaiti haikuchelewa hata kidogo, kamera ni ile ile, lakini ufuo si ule. Anayejua kuhesabu mwezi wa mwandamo anajua afunge picha ya siku gani na ya siku gani.

Basi ufunge wapi? Kwenye kitu kigumu, kisichohama, kilicho chini. Njia panda ya lami. Kona ya uwanja. Mwisho wa njia ya ndege pale uwanja wa ndege wa Moi. Feri ya Likoni usiiguse, jahazi usiliguse, kivuli cha ghorofa usikiguse: kivuli cha Julai kinalalia upande wa kusini, na cha Desemba kinalalia upande wa kaskazini.

Na paa la ghorofa nalo? Hapana, ndugu yangu! Setilaiti za picha kali mara nyingi hazitazami wima, zinainama. Jengo la mita 30 likitazamwa kwa mwinamo wa nyuzi 30, paa lake linaonekana limesogea mita 17 kutoka msingi wake. Funga kwenye msingi, pale ukuta unapoikanyaga ardhi.

Hata daraja lina hadithi yake. Daraja la Nyali la sasa ni la 1980. Lile la kuelea lililolitangulia, la 1931, halikuwa pale pale. Mtu anayelinganisha picha ya 1972 na ya leo, akafunga daraja kwa daraja, ameunganisha vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana. Na Makupa, mahali pa tuta la zamani sasa pana daraja lililofunguliwa 2022.

Je, wajua kwamba ramani ya zamani ya Kenya na simu yako zinagombana kwa karibu mita 300? Weka namba za Tudor kutoka karatasi ya zamani kwenye simu, na utajikuta umbali wa kama viwanja vitatu vya mpira. Hakuna aliyekosea. Ramani ile imesimama juu ya mfumo uitwao Arc 1960, na simu imesimama juu ya WGS84. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo, na mifumo hii miwili imelichora umbo hilo tofauti na kuweka kitovu chake mahali tofauti.

Na jina hilo, Arc, unajua limetoka wapi? Mwaka 1879 mwanaastronomia David Gill, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, alipata wazo la kupima mstari mmoja kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kufuata longitudo ya 30. Wapimaji walipanda vilima, wakajenga bikoni, wakapima pembe kutoka kilima hadi kilima. Kipande cha mwisho kiliunganishwa 1954, miaka 75 baadaye! Mstari huo unapita magharibi mwa Uganda, na mpaka leo Kenya, Uganda na Tanzania zina ramani zinazouegemea.

Karatasi hizo za zamani zina kipimo cha 1 kwa 50,000. Maana yake milimita moja kwenye karatasi ni mita 50 barabarani. Kalamu ikiteleza upana wa punje ya mtama, umeshavuka mtaa.

Tufanye hesabu moja pamoja, ni fupi. Una nukta 10. Tisa kati yake zina kosa la mita 5 kila moja, safi kabisa. Ya kumi uliinakili kutoka ramani ya zamani bila kuibadilisha, ina kosa la mita 300. Kompyuta inazidisha kila kosa kwa lenyewe, inatafuta wastani, inachukua kipeuo cha pili: kosa la jumla ni mita 95! Ifute hiyo moja, kosa linarudi mita 5. Tone moja la mafuta ya taa limeharibu sufuria nzima ya pilau.

Lakini usilipende sana kosa dogo. Wajua kwamba nukta 3 hukupa kosa la sifuri kila mara, hata ukizichomeka ovyo? Kusogeza, kuzungusha na kunyoosha picha kunahitaji nukta 3 tu, na kwa hizo 3 hesabu inakubali chochote unachoiambia. Ya nne ndiyo shahidi wa kwanza.

Ukitaka picha ipinde kidogo, nukta zinapanda ghafla hadi 6. Ukitaka ipinde zaidi, 10. Na kuna njia nyingine iliyoazimwa kutoka kwa bamba jembamba la chuma linavyojikunja: hiyo hupita juu ya kila nukta bila kubakisha hata milimita. Inapendeza macho, na inaficha kila nukta mbovu uliyoweka. Wanaoijua huweka kando nukta kadhaa zisizotumika kwenye hesabu, kisha huzitumia kupimia.

Ukizibana nukta zako zote Mji wa Kale, picha itakaa vizuri juu ya Forodhani ya Mombasa na kuning'inia ovyo Miritini. Tawanya, hadi kwenye pembe. Fundi hapigi bandi upande mmoja wa kanzu tu.

Siku hizi kompyuta inazitafuta nukta yenyewe! Mwaka 1999 David Lowe wa Kanada alionyesha njia ya kutambua alama kwenye picha hata zikizungushwa au kukuzwa. Picha mbili za mji huweza kutoa maelfu ya jozi kwa muda mfupi. Na nyingi ni za uongo, kwa sababu paa la bati la hapa linafanana na paa la bati la kule.

Kuchambua uongo huo kuna njia ya ajabu, ya 1981, ya Fischler na Bolles. Kompyuta inaokota jozi chache kwa bahati nasibu, inajaribu kulaza picha, halafu inauliza nyingine zote: nani anakubali? Inarudia tena na tena, mara mamia. Wakweli wanakubaliana wao kwa wao, waongo kila mmoja anasema lake. Ni baraza la wazee, ndani ya mashine!

Haya, sasa lile linalonigusa moyo. Mkono wa bahari unaoingia nyuma ya Tudor ulikuwa na msitu wa mikoko. Utafiti uliochapishwa 2014, uliotumia picha kutoka angani, ulikuta kwamba kati ya 1992 na 2009 zaidi ya asilimia 80 ya mikoko hiyo ilitoweka. Miaka 17 tu. Mtu aliyezaliwa Tudor 1992 alikuwa bado shuleni msitu ulipokuwa umekwisha.

Unaona sasa kwa nini nukta zinahitaji uangalifu? Mkanda wa mikoko wenye upana wa mita 30 ni pikseli moja ya Landsat. Picha ya zamani ikilala pikseli moja nje ya mahali pake, kompyuta itakuambia mikoko imekatwa hapa na imeota kule, na hakuna mti ulioguswa. Au itakuambia yote iko salama, na shoka limeshapita. Watafiti Dai na Khorram walionyesha 1998 kwamba ili kosa la kupima mabadiliko lisizidi asilimia 10, picha mbili zinapaswa kulaliana ndani ya moja ya tano ya pikseli. Kwa Landsat hiyo ni mita 6, kama urefu wa matatu moja. Kutoka kilomita 705 juu!

Pikseli ni kubwa kiasi gani hasa? Twende Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593. Eneo lake kwenye orodha ya urithi wa dunia ni hekta 2.36. Kwa setilaiti ya Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10, Fort Jesus ni pikseli 236. Kwa Landsat ya leo ni 26. Kwa Landsat ya kwanza, ya 1972, yenye pikseli za mita 80 hivi, ngome nzima na mizinga yake haikufika pikseli 4!

Na kisiwa kizima cha Mombasa, kilomita za mraba kama 14, ni pikseli 15,000 na ushei za Landsat. Simu yako ya kawaida ikipiga picha ya sahani ya mahamri inatumia milioni kadhaa.

Mababu zetu walifunga vipi bila kompyuta? Kwa vidole! Manahodha wa Bahari Hindi walipima urefu wa nyota juu ya upeo kwa kibao chenye uzi wa mafundo kiitwacho kamali, na kipimo chao kilikuwa isba, yaani kidole. Isba moja ni kilomita 180 hadi 190 juu ya bahari. Upana wa picha ya Landsat ni kilomita 185. Kidole cha nahodha na picha ya Landsat, karibu sawa!

Ahmad ibn Majid, bingwa wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliandika vipimo vya nyota vya safari ya kuja pwani yetu hadi Sofala, tena kwa shairi, ili visisahaulike. Hebu fikiri: koordineti zenye vina.

Je, wajua kwamba setilaiti zimerushwa kutoka baharini, kaskazini kidogo tu mwa Malindi? Kwenye jukwaa la San Marco, Ngomeni, Waitaliano walirusha ya kwanza hapo tarehe 26 Aprili 1967. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kusoma miale ya eksirei kutoka angani. Wakaiita Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo, kila kimoja na mahali pake mbinguni, chini ya jina la Kiswahili.

Setilaiti ya Kenya yenyewe ya kutazama ardhi, Taifa-1, iliruka tarehe 15 Aprili 2023. Picha zake nazo hazijui Tudor mpaka mtu aziambie. Na Nairobi, tangu 1975, kuna kituo cha kanda cha upimaji na ramani, kinachohudumia nchi nyingi za Afrika na kufundisha kazi hii hii ya kulaza picha juu ya ardhi.

Kabla ya Landsat, zilikuwepo picha za kijasusi. Setilaiti za Corona za Marekani zilitumia filamu za kweli, na filamu zilidondoshwa kwa mwavuli na kudakwa na ndege angani! Zilipofunguliwa kwa umma 1995, zilikuwa zaidi ya picha 860,000. Hazina koordineti ndani yake; kila moja inafungwa kwa mkono, nukta kwa nukta, na malipo yake ni kuiona nchi ilivyokuwa miaka ya 1960.

Zanzibar wakaja na lao. Kuanzia 2016 walipeleka droni juu ya Unguja na Pemba, na pikseli zao ni kama sentimita 7. Kwa kipimo hicho ndoo ya maji ni pikseli kadhaa, na nukta ya kufungia inaweza kuwa msalaba mweupe uliopakwa chokaa na mtu anayemjua mwenye shamba.

Hata ukifunga vizuri kabisa, ardhi yenyewe inaondoka. Bamba la ardhi tulilokalia linasogea kaskazini-mashariki, sentimita kama 3 kwa mwaka. Kipimo cha GPS kilichoko Malindi kinauona mwendo huo. Tangu Landsat ya kwanza ya 1972 hadi leo, Tudor imehama karibu mita moja na nusu. Nyumba, misikiti, benchi hili, vyote pamoja, na hakuna aliyemwagikiwa chai.

La mwisho, kisha nikuache uende. Leo hii kuna Landsat mbili zinazopokezana, ya 8 na ya 9, na kati yao zinapita juu yetu kila siku ya nane. Kivuli cha kamera, kama ungeweza kukiona, kinakimbia ardhini karibu kilomita 7 kwa sekunde. Kutoka Makupa hadi Ras Serani ni kama kilomita 6. Kwa hiyo kisiwa kizima cha Mombasa, Tudor na Mji wa Kale na Kizingo, kinapigwa picha ndani ya sekunde moja. Kama leo ni siku yake, ni saa nne na nusu asubuhi. Inua uso, usipepese.